SOMO LETU: Mbwa Mwenye Akili Akikosa Kazi, Hujitafutia Kazi

Leo tuzungumze juu ya mbwa. Hatusemi mbwa wa kutupiwa mfupa na kusahauliwa. Tunasema mbwa wa kufuga nyumbani, akawa mlinzi na rafiki wa watoto.

Hapa Nyegezi wapo watu wanaopenda kufuga yule mbwa mkubwa mwenye masikio yaliyosimama, mgongo mweusi na ubavu wa rangi ya kahawia. Wengi humwita jamani shepadi. Wengine husema mbwa wa polisi. Anapoletwa nyumbani ni kitoto laini kama pamba. Kila mtu anataka kumbeba. Baada ya mwaka mmoja na nusu ana kilo 30 au zaidi. Sasa amefungwa mnyororo chini ya mwembe. Anabweka mchana na usiku. Amefukua bustani ya mchicha na kutafuna kandambili za wageni. Siku mnyororo unapokatika, anamkimbiza mtoto wa jirani anayetoka shule. Hapo watu husema, "Mbwa huyu ni mkali tangu kuzaliwa."

Je, ni kweli? Hebu tuangalie asili yake.

ASILI YAKE NI UCHUNGAJI

Mbwa huyu hakuanzia polisi. Alianzia machungani, huko Ujerumani. Mwaka 1899 ofisa mmoja wa jeshi, Max von Stephanitz, alianzisha chama cha kutunza aina hii ya mbwa. Wakati huo wachungaji wa kule walikuwa na kondoo wengi, na malisho yalipakana na mashamba ya mazao. Kazi ya mbwa ilikuwa kwenda na kurudi mpakani siku nzima, ili kondoo wasiingie shambani kwa watu. Yeye alikuwa ndiye ua. Alitazama kondoo, na pia alisikiliza sauti ya bwana wake.

Sisi watu wa Usukumani tunajua uchungaji. Mbwa wetu wa kienyeji hufuatana na vijana machungani, hubweka akisikia fisi, na usiku hulala karibu na zizi. Lakini huyu wa Kijerumani alichaguliwa, kizazi baada ya kizazi, ili akimbie sana, ajifunze upesi na asichoke. Kazi hiyo imo katika damu yake.

Sasa tumchukue mbwa wa namna hiyo na kumfunga mti mmoja tangu asubuhi hadi usiku. Atafanya nini? Atajitafutia kazi. Atakimbia kando ya ua akibweka kila mpita njia, maana huo ndio mpaka wake. Atafukuza kuku, mbuzi, baiskeli na bodaboda, maana vyote hivyo hukimbia kama kondoo. Si ukorofi huo. Ni mfanyakazi asiye na kazi.

KABLA YA KUMCHUKUA

Basi, kabla hatujamleta nyumbani, tujiulize mambo matatu.

Kwanza, nani atatembea naye kila siku, asubuhi na jioni, si chini ya saa nzima kwa jumla? Mbwa huyu huishi miaka 9 hadi 13. Si kazi ya wiki mbili.

Pili, atakula nini? Ugali mtupu haumtoshi. Anahitaji dagaa, nyama au mayai pamoja na ugali. Mapanki ya sangara yanafaa, lakini tuyachemshe na kuondoa miiba. Mifupa ya kuku iliyopikwa tusimpe, maana hupasuka vipande vyenye ncha na kumchoma tumboni. Vitunguu pia ni sumu kwa mbwa. Maji safi yawepo muda wote.

Tatu, jirani wanasemaje? Wapo wanaomwogopa mbwa. Wapo ambao dini yao huwataka wajitakase wakiguswa na mate ya mbwa. Kumheshimu jirani ni sehemu ya ufugaji. Ua uwe mzima kabla mbwa hajaja.

Kama majibu hayatoshi, tumchukue mbwa wetu wa kienyeji aliye mtulivu. Naye ana akili, amezoea jua letu, na hudai mazoezi machache zaidi.

SAMAKI MKUNJE ANGALI MBICHI

Mtoto wa mbwa asitolewe kwa mama yake kabla ya wiki 8. Hapo kwa mama hujifunza mengi, hasa kutouma kwa nguvu wakati wa kucheza.

Tangu wiki ya 3 hadi karibu ya 14, kichwa chake kiko wazi. Alichokiona kwa wema katika siku hizo hatakiogopa ukubwani. Mbwa wengi wakali ni mbwa waoga. Basi tumwonyeshe dunia mapema: mzee mwenye bakora, mama mwenye ndoo kichwani, mtoto anayelia, mbuzi, mwavuli, pikipiki. Kwa kuwa chanjo zake hazijakamilika, tumbebe mikononi au ndani ya kikapu. Kuna ugonjwa wa kuharisha damu unaoua watoto wa mbwa, nao huenea kwa mavi ya mbwa wengine yaliyo njiani. Tukae naye pembeni, mbali kidogo na stendi ya mabasi, asikie honi huku akilishwa dagaa mmoja mmoja. Akitetemeka, turudi nyuma. Tusimlazimishe.

JINSI YA KUMFUNDISHA

Watu wengi hufikiri mbwa hufundishwa kwa fimbo. Tutazame mfano wa nchini mwetu. Huko Morogoro, katika Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine, shirika la APOPO huwafundisha panya buku kunusa mabomu yaliyofukiwa ardhini. Panya hao hawapigwi. Panya akipatia, husikia mlio mdogo, kisha hupewa kipande cha ndizi. Basi. Panya mmoja aliyezaliwa Tanzania, aitwaye Magawa, alifanya kazi huko Kambodia akagundua mabomu ya ardhini zaidi ya 70. Mwaka 2020 alipewa nishani ya dhahabu ya Uingereza. Kama panya hufika huko kwa ndizi, mbwa atashindwa nini kwa dagaa?

Njia yenyewe ni hii. Tuchague neno moja kwa jambo moja, na watu wote wa nyumbani walitumie hilo hilo. Baba akisema "kaa", mama "keti" na mtoto "siti", mbwa atachanganyikiwa. Mbwa hajui Kiingereza wala Kisukuma. Anajua sauti iliyofuatwa na jambo jema.

Tuanze na neno "njoo". Siku moja neno hili litaokoa mtu.

1. Simama hatua mbili kutoka kwake. Ita jina lake, sema "njoo" kwa sauti ya furaha.
2. Akifika, sema "vizuri!" hapo hapo, mpe dagaa. Usichelewe. Ukichelewa atadhani dagaa ni wa jambo jingine.
3. Rudia mara tano, kisha muache acheze. Dakika 5 zinatosha, mara tatu kwa siku.
4. Siku zikipita ongeza umbali: hatua tano, hatua kumi, halafu nje ya ua akiwa kwenye kamba ndefu.
5. Usimwite kamwe ili umpige au umfunge. Ukimwita ukampiga, umemfundisha kwamba "njoo" maana yake ni fimbo. Kesho hatakuja.

Kwa njia hiyo hiyo tumfundishe "kaa", "baki" na "acha". Kwa "acha", fumba dagaa katika kiganja. Atanusa, atalamba, atakwaruza. Ngoja. Akirudisha pua nyuma, sema "vizuri" na umpe dagaa mwingine kutoka mkono wa pili. Baada ya siku kadhaa sema "acha" kabla ya kuonyesha kiganja. Mbwa anayejua "acha" ataacha kuku na kandambili.

Na akianza kufukuza mbuzi? Tusingoje akimbie. Akiwa kwenye kamba, mara anapowatazama mbuzi na kukaza masikio, tumwite. Akigeuka, tumpe dagaa. Akishaanza mbio, maneno ni bure.

KAZI YA KILA SIKU

Tumtoe alfajiri kabla jua halijawaka, na tena jioni. Manyoya yake ni mazito, joto la mchana linaweza kumuua. Tukienda upande wa ziwani, Luchelele, tusimwache aoge ovyo majini. Mamba hachagui mbwa wala mtu.

Lakini miguu peke yake haitoshi. Kichwa nacho kinataka kazi. Tufiche kitambaa kizee chenye harufu ya mtoto nyuma ya ghala, mbwa akitafute. Tutawanye chakula chake majanini, akiokote kwa kunusa. Tumpe fundo la kamba nene atafune. Tusimrushie gunzi la mahindi wala jiwe. Gunzi likimezwa huziba utumbo, na jiwe huvunja meno. Robo saa ya kutafuta kwa pua humchosha mbwa kuliko mbio za ovyo, na mbwa aliyeridhika hulala. Jirani naye hulala.

Mtoto mdogo asiachwe peke yake na mbwa, hata mbwa awe mpole namna gani. Tuwafundishe watoto: mbwa anayekula, anayelala au anayenyonyesha haguswi.

KICHAA CHA MBWA

Hapa hakuna mchezo. Kichaa cha mbwa huua. Mtu akianza kuonyesha dalili, kama vile kuogopa maji, karibu kila mara hufa. Shirika la Afya Duniani hukadiria kuwa watu 59,000 hufa kila mwaka kwa ugonjwa huu, na wengi wao huumwa na mbwa. Wengi ni watoto wa vijijini Afrika na Asia, watoto kama wetu.

Lakini ugonjwa huu unazuilika. Tangu mwaka 1885 Louis Pasteur wa Ufaransa alipomtibu mtoto aliyeumwa na mbwa, chanjo ipo. Mbwa achanjwe afikapo miezi 3, kisha kila mwaka. Tumwone ofisa mifugo wa kata, na tutunze cheti. Siku ya chanjo mbwa wa kienyeji naye aende. Mbwa 70 katika kila 100 wakichanjwa, ugonjwa hukatika mahali pale.

Mtu akiumwa na mbwa, au akikwaruzwa:

– Aoshe kidonda papo hapo kwa sabuni na maji mengi, dakika 15 kamili.
– Asipake pilipili, tumbaku, mafuta ya taa wala dawa ya betri.
– Aende hospitali siku hiyo hiyo, hata kama kidonda ni kidogo. Ugonjwa unaweza kujificha miezi miwili, mitatu au zaidi.
– Sindano si moja. Azimalize zote kwa tarehe alizopewa.
– Ofisa mifugo aarifiwe juu ya mbwa huyo.

NENO LA MWISHO

Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 inakataza kumtesa mnyama. Lakini hata bila sheria, tunaona faida yenyewe. Mbwa anayepigwa na kufungwa kutwa ni hatari kwa mwenye nyumba na kwa jirani. Mbwa aliyepewa kazi, chakula, chanjo na neno jema hulinda nyumba bila kumdhuru mtoto.

MASWALI YA KUJADILIANA

1. Kwa nini mbwa mchungaji aliyefungwa kutwa huwa msumbufu?
2. Katika nyumba yako, nani hutumia neno gani kumwita mbwa? Kubalianeni neno moja.
3. Mbwa wako alichanjwa lini mara ya mwisho? Soma cheti chake. Kama hakuna cheti, utamwona nani?
4. Waeleze watoto wako mambo ya kufanya mtu akiumwa na mbwa. Kisha wao wakueleze wewe.