Kuziba Unyevu katika Sakafu ya Ghala

Mkulima, sakafu ya saruji huonekana ngumu kama jiwe, lakini ndani yake mna vitundu vidogo sana. Maji ya ardhini hupanda katika vitundu hivyo kama mafuta ya taa yapandavyo katika utambi, yakaingia katika magunia ya chini. Mahindi uliyoyakausha vizuri huota ukungu, na ukungu mwingine hutoa sumukuvu, ambayo haiishi kwa kupikwa. Mwaka 2004, mashariki mwa Kenya, watu 125 walikufa kwa kula mahindi yenye sumu hiyo.

Kwanza, ijaribu sakafu yako. Tandika kipande cha plastiki chenye upana wa nusu mita, ukibane kingo zote kwa gundi ya karatasi. Kiache usiku mmoja na mchana wake. Ukikifunua ukaona matone chini yake, au saruji imegeuka nyeusi, maji yanapanda.

Ghala jipya. Shindilia kokoto, tandaza mchanga laini juu yake, kisha plastiki nene isiyo na tundu. Mahali pa kuungia, plastiki zipandane vizuri. Ndipo umwage zege: saruji ndoo 1, mchanga ndoo 2, kokoto ndoo 4, unene sentimita 10. Ilowanishe kwa siku 7, isipasuke.

Ghala la zamani. Usipake rangi juu ya sakafu yenye maji. Maji yataisukuma kutoka chini nayo itabambuka. Ngoja kiangazi. Safisha, ziba nyufa, acha ikauke kabisa. Paka lami ya maji mara mbili. Mara ya pili pitisha brashi kukingamana na ya kwanza. Lami ikikauka, ifunike kwa zege ya unene usiopungua sentimita 5. Usiweke chakula juu ya lami tupu.

Wako wanaopaka mafuta machafu ya gari ili kuzuia vumbi. Usifanye hivyo kamwe! Mafuta hayo hunuka, nayo yana sumu itakayoingia katika nafaka.

Hata sakafu ikiwa njema, panga magunia juu ya chaga, mbali na ukuta. Gharama ya plastiki na lami ni ndogo kuliko kutupa mavuno ya mwaka mzima, tena ni ndogo sana kuliko uhai wa mtoto wako. Ukiwa na shaka, mwite Bwana Shamba kabla hujanunua saruji, si baada ya kuimwaga.