Maudhui, Umbo na Muktadha: Mabango Mazishini na Mipaka ya Uhuru wa Kusema

Utangulizi

Waswahili wana methali mbili zinazovutana. Ya kwanza husema, "Maneno makali hayavunji mfupa." Ya pili husema, "Heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi." Ya kwanza humtaka msikilizaji avumilie, kwa kuwa neno, hata likiwa chungu, si rungu. Ya pili humtaka msemaji ajihadhari, kwa kuwa neno huweza kuleta madhara yasiyotibika. Makala haya yanachunguza kesi moja ambamo fikra hizi mbili zilikutana mahakamani, nayo ni kesi ya Snyder dhidi ya Phelps, iliyoamuliwa na Mahakama ya Juu ya Marekani tarehe 2 Machi 2011.

Kesi hii ina manufaa kwa mwanafunzi wa Kiswahili kwa sababu mbili. Kwanza, ilihusu lugha: maneno machache yaliyoandikwa kwenye mabango, na namna msomaji wa kawaida anavyopaswa kuyafasiri. Pili, majaji waliyapima maneno hayo kwa vigezo vitatu ambavyo mhakiki wa fasihi anavifahamu vyema, yaani maudhui, umbo na muktadha.

Usuli wa Kesi

Mnamo Machi 2006, kijana mmoja wa kikosi cha Marine cha jeshi la Marekani aliuawa akiwa kazini nchini Iraki. Mwili wake ulirejeshwa nyumbani, na mazishi yakafanyika katika kanisa la Kikatoliki mjini Westminster, jimbo la Maryland, tarehe 10 mwezi huo huo. Kabla ya ibada kuanza, watu saba walisimama kando ya barabara wakiwa na mabango. Walikuwa ni Fred Phelps, mwanzilishi wa Kanisa la Westboro Baptist la mjini Topeka, Kansas, pamoja na wafuasi sita, ambao wote walikuwa mabinti na wajukuu wake.

Kanisa hilo dogo linaamini kwamba Mungu anaiadhibu Marekani kwa kuvumilia mapenzi ya jinsia moja, hasa jeshini, na kwamba kila mwanajeshi anayekufa ni sehemu ya adhabu hiyo. Kwa muda wa miaka ishirini hivi, waumini wake walikuwa wameandamana katika mazishi yapatayo 600. Siku hiyo baadhi ya mabango yalimshukuru Mungu kwa wanajeshi waliokufa na kwa mashambulizi ya Septemba 11. Mengine yalimtusi Papa na mapadri, na mengine yaliwatusi wanajeshi kwa neno la dharau wanaloitwa mashoga kwa Kiingereza. Mawili kati yake yalitumia nafsi ya pili: moja lilimwambia msomaji kwamba anaenda jehanamu, na jingine kwamba Mungu anamchukia.

Waandamanaji hao walikuwa wamewaarifu polisi mapema na walitii maagizo yote waliyopewa. Walisimama kwenye ardhi ya umma, umbali wa futi 1,000 hivi (takriban mita 300) kutoka kanisani. Waliimba nyimbo za dini na kusoma aya za Biblia kwa dakika 30, bila kupiga kelele wala kuzusha fujo. Babake marehemu alipopita akielekea kanisani aliona ncha tu za mabango. Maneno yenyewe aliyasoma jioni katika taarifa ya habari ya televisheni.

Mzee huyo alifungua mashtaka. Alieleza kwamba tangu siku hiyo hakuweza tena kumkumbuka mwanawe bila ya kuyakumbuka mabango yale. Mwaka 2007, jopo la raia waamuzi lilikubaliana naye kwamba ameteswa moyoni kwa makusudi na kwamba faragha yake imeingiliwa, likaamuru alipwe fidia ya dola milioni 2.9, na dola milioni 8 zaidi ili kuwaadhibu washtakiwa. Jaji alipunguza kiasi hicho hadi jumla ya dola milioni 5. Mwaka 2009, Mahakama ya Rufaa ilitengua hukumu hiyo yote, na baadaye mzee huyo akatakiwa kulipa zaidi ya dola 16,000 za gharama za rufaa ya watu waliomuumiza. Suala likafika Mahakama ya Juu. Majimbo 48 yaliwasilisha hoja ya kumuunga mkono baba huyo. Hata hivyo, majaji wanane dhidi ya mmoja waliamua kwamba Phelps na jamaa zake wanalindwa na Marekebisho ya Kwanza ya Katiba.

Kigezo cha Maudhui

Hukumu ya walio wengi iliandikwa na Jaji Mkuu John Roberts. Hoja yake ya msingi ni kwamba usemi unaohusu mambo ya umma hupewa ulinzi mkubwa zaidi kuliko usemi unaohusu ugomvi wa watu binafsi. Swali basi likawa: mabango yale yalizungumzia nini?

Mahakama ilijibu kwamba, licha ya ukali wake, yalizungumzia hatima ya taifa, maadili ya raia, jeshi, na kashfa za mapadri. Hayo ni masuala ya umma. Kwamba yamesemwa kwa lugha chafu au isiyokubalika hakuyaondoi katika kundi hilo. Hapa mahakama ilitenganisha dhamira na lugha inayoibeba, jambo ambalo mhakiki wa fasihi hutahadharishwa kulifanya kwa pupa. Je, dhamira hubaki ile ile iwapo lugha yake yote ni tusi? Mahakama ilisema hubaki. Msomaji ana hiari ya kulisaili jibu hilo.

Kigezo cha Umbo

Ugumu mkubwa wa kesi hii umo katika yale mabango mawili ya nafsi ya pili. Kiingereza cha sasa hutumia kiwakilishi kimoja kwa mtu mmoja na kwa watu wengi. Kwa hivyo haiwezekani kujua, kwa kutazama sarufi peke yake, iwapo anayeambiwa kwamba anaenda jehanamu ni kijana aliye jenezani, ni wazazi wake, au ni taifa zima.

Mwandishi wa Kiswahili hangepata mwanya huo. Angelazimika kuchagua baina ya "Unaenda jehanamu" na "Mnaenda jehanamu." Kiambishi cha nafsi kingemfichua. Lakini lugha yetu nayo ina utata wake. Bango la pili, likiandikwa "Mungu anakuchukia," lina mlengwa mmoja dhahiri. Likiandikwa "Mungu anawachukia," kiambishi -wa- huweza kuwa cha nafsi ya pili wingi au cha nafsi ya tatu wingi. Anayeambiwa ni nyinyi mnaosoma, au ni wale wasiokuwepo? Utata ulioondolewa mlango wa mbele umerudi kwa mlango wa nyuma.

Mahakama haikuukata utata huo kwa sarufi. Ilisema kwamba hata kama mabango machache yangechukuliwa kuwa yamemlenga marehemu au jamaa zake, mwelekeo mkuu wa mabango yote kwa jumla ulihusu masuala ya umma. Kwa maneno mengine, matini ilisomwa kwa ujumla wake, na sehemu ikafasiriwa kwa kuzingatia uzima.

Jamii za pwani ya Afrika Mashariki zina tajriba ndefu ya tatizo hili. Katika mipasho ya taarabu na katika misemo ya kanga, msemaji huweza kumchoma mtu kwa kijembe bila kumtaja jina. Akiulizwa, hukana: hajamtaja mtu. Lakini aliyekusudiwa anajua, na majirani wanajua. Umbo la jumla halithibitishi kwamba kusudi nalo ni la jumla. Hoja hii ndiyo iliyoshikiliwa na jaji aliyepinga.

Kigezo cha Muktadha

Jaji Samuel Alito alikuwa peke yake katika upinzani wake. Kwake, muktadha ndio ufunguo wa maana. Waandamanaji wale wangeweza kusimama katika bustani yoyote, barabara yoyote, au mbele ya ofisi yoyote ya serikali nchini Marekani. Walichagua mazishi ya kijana mmoja. Kwa hivyo, mpita njia wa kawaida angedhani kwamba maneno ya mabango yanamhusu marehemu, na baadhi yangemfanya aamini uongo juu yake. Alito aliongeza kwamba baada ya mazishi kanisa hilo lilichapisha kwenye tovuti yake maandishi yaliyomtaja kijana huyo na wazazi wake waziwazi. Wenzake hawakuyapima maandishi hayo, kwa kuwa mlalamishi hakuyaingiza katika ombi lake kwa Mahakama ya Juu. Kwa Alito, kushughulikia mambo ya umma katika sehemu moja ya usemi hakumpi mtu kibali cha kumshambulia mfiwa asiye kiongozi wala mtu mashuhuri katika sehemu nyingine.

Walio wengi waliusoma muktadha ule ule kwa namna nyingine. Waliona ardhi ya umma, umbali wa kutosha, utiifu kwa polisi, na ugomvi wa miaka mingi baina ya kanisa hilo na taifa ambao ulianza kabla kijana huyo hajafa. Kisha wakatoa mfano unaostahili kutafakariwa. Tuseme watu wale wale wangesimama mahali pale pale na mabango ya kuiombea Marekani baraka na kumwambia msomaji kwamba Mungu anampenda. Je, wangeshtakiwa? La. Basi kilicholeta maumivu hakikuwa mahali waliposimama wala kelele, bali maoni yao. Na iwapo jopo la raia litaruhusiwa kutoza mamilioni ya dola kwa sababu maoni "yamepita kiasi," kila jopo litaadhibu maoni lisiyoyapenda.

Jaji Mkuu hakukana kwamba maneno yale yaliumiza. Alikiri kwamba usemi una nguvu ya kuleta machozi ya furaha na ya huzuni, na kwamba hapa ulisababisha uchungu mkubwa. Alishikilia tu kwamba Marekani imechagua kutoujibu uchungu huo kwa kumwadhibu msemaji katika masuala ya umma.

Njia ya Tatu

Ingekuwa kosa kudhani kwamba hukumu hii iliwaacha wafiwa bila ngao. Mahakama ilieleza kwamba serikali inaweza kuweka masharti ya wakati, mahali na namna ya kuandamana, mradi masharti hayo yasibague maoni. Mwaka 1988, katika kesi ya Frisby dhidi ya Schultz, iliwahi kukubali marufuku ya kuandamana mbele ya nyumba ya mtu mmoja. Kufikia mwaka 2011, majimbo 44, pamoja na serikali ya shirikisho, yalikuwa na sheria za kudhibiti maandamano mazishini. Sheria ya shirikisho iliyotiwa saini mwaka 2012 inahusu mazishi ya wanajeshi: inakataza usumbufu katika umbali wa hadi futi 300, kuanzia saa mbili kabla ya mazishi hadi saa mbili baada yake.

Raia nao walipata jibu lisilohitaji hakimu. Tangu mwaka 2005, waendesha pikipiki wa kundi la Patriot Guard Riders wamekuwa wakialikwa na familia kusimama na bendera baina ya wafiwa na waandamanaji. Hawakuwanyang'anya mabango, waliyaziba tu.

Kwa msomaji wa Kenya, ulinganisho unafaa kufanywa kwa tahadhari. Marekebisho ya Kwanza, yaliyoidhinishwa mwaka 1791, hayataji kikwazo chochote cha usemi; vikwazo vyote vimetokana na hukumu za mahakama. Kifungu cha 33 cha Katiba ya Kenya ya 2010, kwa upande wake, chenyewe kinataja kwamba uhuru wa kujieleza hauhusishi uchochezi wa ghasia, matamshi ya chuki wala uenezaji wa chuki, na kinamtaka kila mtu aheshimu haki na sifa za wengine. Kwa hivyo, mabango yale yale yangesomwa hapa kwa kuanzia mahali pengine. Hata hivyo, swali la kifasiri lingebaki: nani aliyelengwa, na kwa ushahidi gani?

Hitimisho

Kesi ya Snyder dhidi ya Phelps inaonyesha kwamba maudhui, umbo na muktadha si istilahi za darasani tu. Kwa vigezo hivyo hivyo vitatu, majaji wanane walifikia uamuzi mmoja na wa tisa akafikia uamuzi mwingine, na baina yao alikuwapo baba aliyemzika mwanawe. Fred Phelps alifariki mwaka 2014, lakini hukumu yake ingali sheria. Anayeikubali anapaswa kuukubali pia uchungu wa mzee yule kama gharama yake. Anayeipinga naye anapaswa kueleza ni nani atakayepewa mamlaka ya kuamua kijembe kipi kimepita kiasi.

Maswali ya Mjadala

1. Fafanua jinsi viambishi vya nafsi katika Kiswahili vinavyoweza kuondoa au kuzua utata katika ujumbe wa bango.
2. "Msemaji wa kijembe asiyetaja jina hana lawama." Jadili ukirejelea mipasho na kesi iliyochunguzwa.
3. Kati ya methali mbili zilizotajwa katika utangulizi, ni ipi inayoafiki msimamo wa Jaji Alito? Toa sababu.