Törbel: Malisho ya Wote, Sheria ya Wote

Leo tujifunze kutoka Törbel, kijiji kidogo cha milimani huko Uswisi. Nyumba zake na vitongoji vya jirani ziko kwenye mteremko mkali. Wakati wa baridi theluji hufunika ardhi, na ng'ombe hukaa zizini wakila nyasi zilizokaushwa.

Malisho ya juu mlimani ni ya wote. Hapo ndipo penye shida tunayoijua sana hata sisi: kila mtu akiongeza ng'ombe mmoja tu, nyasi zinaisha.

Mwaka wa 1483 wenyeji waliandika mapatano ya kutunza malisho na misitu. Sheria ya 1517 ikasema hivi: usipeleke mlimani ng'ombe wengi kuliko wale unaoweza kuwalisha mwenyewe wakati wa baridi. Basi! Kipimo ni nyasi za shamba lako, si ukubwa wa jina lako. Aliyezidisha alitozwa faini, na aliyesimamia alipata nusu yake, kwa hivyo hakuwa na sababu ya kufumba macho.

Lakini mgeni aliyenunua shamba hakupata haki ya malisho hayo. Hili sisi halitupendezi, nanyi semeni.

Jadilianeni: Kwetu, mwenye ng'ombe 2 na mwenye 40 wanatumia malisho yale yale. Kipimo chetu kiwe nini? Nani atahesabu? Na mwenyekiti mwenyewe akizidisha, nani atamtoza faini?