SOMO: SAUTI IWAFIKIE WALIO NYUMBANI



Mtume Paulo aliwakumbusha Wakorintho kwamba tarumbeta isipotoa sauti ya kueleweka haimfai askari (1 Kor. 14:8-9). Onyo hilo latuhusu sisi tunaorusha ibada kwa kompyuta. Mgonjwa kitandani anafungua simu. Anamsikia kasisi akiwasalimu waumini, kisha kimya, hakuna aitikiaye. Kwaya nayo yasikika kana kwamba iko ng'ambo ya mto. Je, mgonjwa huyo amesali pamoja nasi, au amechungulia dirishani tu?

1. Kisa chake

Miksa ni kama mifereji ya shamba. Kila maikrofoni ina mfereji wake, na kitelezi ndicho lango lake. Sauti zote hukutana penye mlango wa MAIN, zikaenda kwenye spika za kanisani. Lakini kazi ya spika hizo ni kusaidia pale sauti isipofika. Ngoma na kwaya zina nguvu zake zenyewe, kwa hiyo fundi huzifungulia kidogo tu. Aliyemo kanisani haoni upungufu, maana masikio yake yasikia jengo zima. Kompyuta husikia kile tu kilichopita kwenye waya. Ukiipa sauti ya MAIN peke yake, umeipa nusu ya ibada.

2. Mfereji wa pili

Miksa nyingi zina mlango mwingine wenye alama ya AUX. Kila maikrofoni ina kitufe chake cha kuzungusha, kinachopima kiasi cha sauti kiendacho huko. Hivyo twaweza kupika chungu cha pili bila kuharibu cha kwanza: kwaya na kinanda viongezwe, mhubiri apunguzwe.

Ikiwa pana kitufe cha PRE, kibonyezwe. Hapo AUX huchota sauti kabla haijafika kwenye kitelezi. Sasa weka maikrofoni moja ikiwaelekea waumini, ushushe kitelezi chake hadi chini, ila AUX yake uifungue. Spika hazitapiga mluzi, na mgonjwa atasikia ndugu zake wakiitikia. Lakini angalieni: kwa njia hii kushusha kitelezi hakuinyamazishi maikrofoni kwa walio nyumbani. Minong'ono ya mhubiri aliyekwisha kuketi itawafikia wote! Maikrofoni yake izimwe.

3. Kuingia kwenye kompyuta

Miksa yenye USB huunganishwa kwa waya mmoja, lakini someni kwanza kijitabu chake, kwa sababu miksa nyingi ndogo hupeleka huko sauti ya MAIN, si ya AUX. Ikiwa ni hivyo, tumieni kisanduku cha nje cha kuingizia sauti: waya utoke AUX uingie kwenye tundu lake la LINE, nacho kiunganishwe na kompyuta kwa USB. Msichomeke waya wa miksa kwenye tundu la maikrofoni la kompyuta. Tundu hilo limetengenezwa kwa sauti dhaifu. Sauti ya miksa italizidi na kukwaruza. Kisha, katika mipangilio ya kompyuta, chagueni kisanduku hicho, la sivyo kompyuta itasikiliza kwa kijimaikrofoni chake yenyewe.

4. Kipimo

Katika kompyuta, 0 ndiyo dari. Maneno ya kawaida yacheze karibu na -18, na wimbo wenye nguvu kuliko zote usipite -6. Sauti iliyogonga dari hupasuka, wala haitengenezeki baadaye. Kwa hiyo jaribuni kwaya inapofanya mazoezi, na mtu mmoja akae mbali nje akisikiliza kwa simu.

Haya yote hayachukui nafasi ya kuwatembelea wagonjwa. Mwenye kuwatembelea na awaulize pia: "Jumapili mlitusikia?" Jibu lao ndilo kipimo cha mwisho.

Maswali ya kujadiliana
1. Kwa nini sauti ya kuwatosha waliomo kanisani haiwatoshi walio nyumbani?
2. Maikrofoni ya waumini itasikikaje nyumbani ilhali kitelezi chake kimeshushwa?
3. Katika mtaa wetu, ni nani asikilizaye akiwa kitandani, na nani atakwenda kumwuliza?