Karatasi za Mkopo wa Chuo: Soma Kabla ya Kuweka Sahihi



Somo letu safari hii halihusu pamba wala mbolea. Linahusu karatasi.

Katika kata yetu ya Mugango kuna wazazi ambao watoto wao wako kidato cha sita. Wengine wanasubiri matokeo. Mzazi wa namna hii hulala akiwaza jambo moja tu: mtoto akipata nafasi chuo kikuu, fedha zitatoka wapi? Dagaa leo wana bei, kesho hawana. Mihogo ni ya kula. Ng'ombe zizini ni wawili, na mmoja ni wa jirani.

Wengi wanategemea mkopo wa serikali. Mkopo huo upo kweli. Hutolewa na Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu. Bodi hiyo iliundwa kwa sheria ya mwaka 2004, na ilianza kazi Julai 2005. Lakini wapo vijana wanaostahili mkopo na hawaupati, au wanapata kidogo sana. Hawakufeli mtihani. Tatizo lilikuwa kwenye karatasi zilizofungiwa katika sanduku la mzazi, na hakuna aliyezisoma mapema.

Wewe umejifunza kusoma ukubwani. Karatasi hizo unaweza kuzisoma mwenyewe. Basi tuzisome.

ZAMANI NA SASA

Wazee wetu huwa wanasema, "Mtoto akifaulu, serikali itamsomesha." Hawasemi uongo. Wanasema walichokiona. Novemba 1974 Halmashauri Kuu ya TANU ilikutana hapa kwetu mkoani na kutoa Azimio la Musoma. Azimio hilo lilitaka kila mtoto wa umri wa shule aingie shule ya msingi ifikapo mwaka 1977. Lilitaka pia vijana wa kidato cha sita wafanye kazi kwanza ndipo waende Chuo Kikuu. Siku zile aliyeingia Chuo Kikuu alilipiwa na serikali masomo, chakula na malazi.

Baadaye wanafunzi wakawa wengi na fedha zikawa haba. Ukaja mpango wa kuchangia gharama. Kuanzia mwaka 1994 msaada ule ukawa mkopo. Mkopo maana yake ni deni, na deni hulipwa. Anayelipa ni mwanafunzi mwenyewe, baada ya kumaliza masomo. Akiajiriwa hukatwa asilimia 15 ya mshahara kila mwezi. Yaani katika kila shilingi 100, shilingi 15 zinarudi Bodi. Zamani deni lilikuwa linaongezewa asilimia 6 kila mwaka ili kulinda thamani ya fedha. Nyongeza hiyo ilifutwa mwaka 2021.

Wazazi wengine wanaogopa. Wanasema shamba litachukuliwa. Hapana. Katika maombi haya hakuna anayekuomba hati ya shamba, wala ng'ombe wa rehani.

Kuna pia Ufadhili wa Samia, ulioanza mwaka wa masomo 2022/23. Huo ni wa vijana waliofaulu vizuri sana masomo ya sayansi kidato cha sita, na haurudishwi. Lakini ni wa wachache. Tangu 2023/24 mkopo wa Bodi hutolewa pia kwa baadhi ya kozi za stashahada, kama vile za afya, kilimo na mifugo. Kwa hiyo hata kijana asiyekwenda chuo kikuu aulize.

JINA NI LILELILE?

Sasa tuingie kwenye sanduku.

Toa cheti cha kuzaliwa cha mtoto. Weka pembeni cheti au matokeo yake ya kidato cha nne. Soma majina herufi kwa herufi, kama tulivyosoma silabi darasani. Mara nyingi utashangaa. Cheti kimoja kinasema Bwire, kingine kinasema Bwile. Kimoja kina Masatu, kingine Masato. Kwetu huku R na L hugombana mdomoni, na mwalimu wa darasa la kwanza aliandika alivyosikia. Wakati mwingine jina la babu lipo kwenye karatasi moja na kwenye nyingine halipo kabisa.

Kwako ni mtoto mmoja. Kwa anayekagua karatasi hizo akiwa mbali, hao ni watu wawili.

Jina lililokwisha kuandikishwa kwenye mtihani wa taifa ni gumu kusahihisha. Inawezekana, lakini ni safari nyingi na viapo mbele ya wakili. Kwa hiyo mzazi mwenye mtoto wa darasa la saba, au wa kidato cha pili, ana bahati kuliko sisi wote. Aende shuleni sasa. Amwombe mwalimu amwonyeshe jina lilivyoandikwa kabla ya kuandikishwa kwa mtihani. Mwalimu mwema hatakasirika.

Angalia jambo lingine. Hicho unachokiita cheti cha kuzaliwa, ndicho kweli? Akina mama wengi huniletea kadi ya kliniki. Wengine huleta karatasi ya tangazo la kizazi waliyopewa zahanati, au cheti cha ubatizo. Zote ni karatasi nzuri na zitunzwe, lakini hazitoshi. Cheti kinachotakiwa ni kile cha RITA, yaani Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini. Huduma yake wilayani ipo kwenye ofisi ya Mkuu wa Wilaya. Kwa mtoto wa chini ya miaka mitano, anza kuuliza zahanati au ofisi ya kata. Usingoje akue.

Cheti kikishapatikana kinafanyiwa uhakiki. Uhakiki ni kuthibitisha kwamba cheti ni cha kweli. RITA ndio wanaothibitisha, na maombi hupitia kwenye mtandao. Jibu haliji siku hiyohiyo. Mtu anayeanza uhakiki wiki ya mwisho atapata homa ya bure.

Nakuja kwa wajane na watoto yatima. Hapa naomba usome polepole. Baba akifariki, familia hupewa kibali cha mazishi. Watu huzika, huomboleza, na kibali hubaki kwenye Biblia au chini ya godoro. Lakini kibali cha mazishi si cheti cha kifo. Cheti cha kifo hutolewa na RITA, nacho pia huhakikiwa. Kijana akiandika kwamba ni yatima bila cheti hicho, hana ushahidi. Kwa karatasi baba bado yu hai, na anaweza kuhesabiwa kama mtu wa kumlipia mtoto ada. Mama anayehangaika peke yake mwaloni kuanika dagaa anahesabiwa ana mume.

Vilevile kaya iliyo kwenye mpango wa TASAF itunze namba yake, maana fomu inaiuliza. Mwanafunzi au mzazi mwenye ulemavu apate uthibitisho wa mganga mkuu wa wilaya. Kijana aliyesomeshwa sekondari na mfadhili apate barua ya mfadhili huyo. Bodi haitoi mkopo sawa kwa wote. Inapima uhitaji, na inapima kwa kile kilichoandikwa.

SAHIHI YA BABA YANGU

Mimi nilisomea ualimu. Aliyekwenda chuo kikuu ni mdogo wangu wa kike. Siku ya kujaza maombi alikwenda na baba kwenye kibanda kimoja cha steshenari. Foleni ilikuwa ndefu. Kijana wa kompyuta akauliza, "Mzee, kazi yako?" Baba akajibu, "Nafanya biashara ya dagaa." Kijana akaandika mfanyabiashara. Baba ana maana ya debe mbili tatu, tena kwa kukopa. Kijana hakuuliza zaidi. Kwenye kipato akaweka tarakimu aliyoiona inafaa, akachapa, akamsukumia baba karatasi.

Baba alijua kusoma. Alikuwa mhitimu wa kisomo kama wewe, na sahihi yake aliipenda sana. Lakini aliona haya kuwachelewesha watu waliosimama nyuma yake. Akaweka sahihi nzuri kabisa.

Mdogo wangu alipata mkopo mdogo. Siwezi kuapa kwamba ni kwa sababu ya mstari ule. Ninachojua ni kwamba karatasi ile ilimweleza mtu mwingine, si baba yetu. Mtumbwi uliuzwa mwaka ule. Tuliposoma nakala ya fomu pale nyumbani, baba aliikunja, akaniambia, "Mwanangu, hii kazi nilikuwa naiweza." Hajaizungumzia tena.

Ndiyo maana nasema: foleni ingoje. Fomu ya mkopo hujazwa kwenye mtandao wa Bodi, kisha huchapwa kwenye karatasi na kuwekwa sahihi. Mwanafunzi anasaini. Mdhamini anasaini, na mara nyingi mdhamini ni mzazi. Kiongozi wa serikali ya kijiji anasaini na kugonga muhuri. Kisha wakili au hakimu anathibitisha. Baada ya hapo kurasa zenye sahihi hurudishwa kwenye mtandao. Kabla ya sahihi ya kwanza, mwombe mtoto akusomee kila mstari, kisha umsomee wewe. Kazi yako imeandikwa unavyoifanya? Kipato ni chako? Watoto unaowasomesha wametajwa wote? Kwenye sehemu ya mdhamini, soma unachoahidi. Mdhamini anajifunga kwa maandishi, na hafai kujifunga gizani.

Usiongeze umaskini usio wako, lakini usijipe utajiri wa kukisia. Andika yaliyo kweli.

Nafasi nyingine ya makosa ni namba ya mtihani wa kidato cha nne. Namba aliyoombea chuo iwe ndiyo hiyohiyo anayoombea mkopo. Kijana aliyerudia mtihani ana namba zaidi ya moja, basi azitaje zote panapotakiwa.

MBALAMWEZI NA TAREHE

Maombi kwa kawaida hupokelewa kati ya Juni na Agosti. Tarehe kamili hutangazwa na Bodi kila mwaka, na redio husoma. Ada ya maombi kwa miaka mingi imekuwa shilingi 30,000. Ongeza uhakiki, picha za mdhamini, kuchapa, wakili, na nauli ya Musoma mjini kwenda na kurudi, pengine mara tatu.

Sisi wa ziwani tunajua fedha zinavyokuja. Wakati wa giza karabai zinawaka, dagaa wanaingia, mfuko una kitu. Mbalamwezi ikija mitumbwi inalala. Sasa Bodi haitazami mwezi. Tarehe ya mwisho ikiangukia mbalamwezi, utaanza kukopa kwa watu wa riba. Ni afadhali kuanzia Februari kila giza utenge kidogo, umkabidhi mama mtunza hazina wa kikundi. Mwenye pamba naye asingoje mzani wa msimu.

Ada hiyo hulipwa kwa namba ya kumbukumbu ya malipo ambayo mwanafunzi anaipata kwenye mtandao anapoomba. Mtu akikupigia simu na kusema, "Mzee, mwanao amepata mkopo, tuma laki moja kwenye namba hii tumkamilishie," huyo ni tapeli. Kata simu. Yupo pia yule anayejisifu kwamba "anamjua mtu Dar es Salaam." Kwa maoni yangu ng'ombe aliyeuzwa kwa ajili ya mtu huyo ameliwa na fisi mwenye viatu.

Majina yakitoka na kijana hayumo, au amepewa kidogo, msikae matanga. Kuna rufaa. Rufaa maana yake ni kuomba uamuzi uangaliwe tena. Bodi hutangaza muda wa kukata rufaa, na muda huo ni mfupi. Hapo ndipo kile cheti cha kifo au ile barua iliyokosekana inaweza kuwasilishwa.

Akipata, ada hulipwa chuoni moja kwa moja. Fedha ya chakula na malazi, ambayo wanafunzi huiita bumu, ilipandishwa mwaka 2022 kutoka shilingi 8,500 hadi 10,000 kwa siku. Hufika kwa mafungu, na fungu la kwanza linaweza kuchelewa. Kwa hiyo usimpandishe mtoto basi mikono mitupu ukidhani bumu linamngoja stendi. Mpe ya kula ya wiki chache.

Jambo moja lilinichekesha. Siku hizi katika vyuo vingi mwanafunzi huthibitisha kupokea fedha zake kwa kuweka kidole kwenye mashine. Sisi tulihangaika kuacha dole gumba ili tuandike majina yetu, kumbe wasomi wamelirudia!

KAZI YA KIKUNDI

Mkikutana tena, kila mmoja aje na cheti cha kuzaliwa cha mtoto mmoja na karatasi moja ya shule ya mtoto huyohuyo. Mbadilishane na jirani. Jirani asome majina yote kwa sauti, herufi kwa herufi, pamoja na tarehe ya kuzaliwa. Panapotofautiana, andika kwenye daftari tofauti hiyo, na jina la ofisi utakayokwenda kuuliza. Asiye na cheti aandike hivyo hivyo: "Sina." Kisha aandike siku atakayokwenda kwa Mtendaji kuanza safari ya kukitafuta.