Tujifunze Kusoma Vibao vya Historia Mjini Bagamoyo

Ndugu mkazi, katika Mji Mkongwe wa Bagamoyo zipo alama nyingi za kumbukumbu: vibao ukutani, minara midogo ya saruji na mawe yaliyochongwa maandishi. Wengi wetu huzipita kila siku bila kuzisoma. Somo la toleo hili lahusu namna ya kuzisoma, sheria inayozilinda na wajibu wetu kwazo.

Maswali matatu ya msomaji

Mbele ya kila kibao, jiulize: Kinamkumbuka nani? Kiliwekwa na nani, na lini? Ni nani aliyekuwapo lakini hakutajwa?

Tuanze na ufukweni. Mwaka 1888 Kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki ilipotaka kutawala miji ya pwani, wananchi walikataa. Abushiri bin Salim aliongoza mapambano, naye Bwana Heri akapigana upande wa Saadani. Mwaka 1889 Serikali ya Ujerumani ilimtuma Hermann von Wissmann pamoja na jeshi. Abushiri alikamatwa, akanyongwa Pangani tarehe 15 Desemba 1889.

Bagamoyo imebaki na alama mbili za zama hizo, zisizo mbali moja na nyingine. Ya kwanza ni makaburi ya Wajerumani, ambayo yana majina ya waliozikwa. Ya pili ni mnara uliopo mahali Wajerumani walipowanyongea Waafrika waliopinga utawala wao. Mnara huo huwaita watu hao wanamapinduzi, lakini hautaji jina la hata mmoja wao. Mtawala aliandika majina ya watu wake. Majina ya walionyongwa yalibaki vinywani mwa jamaa zao. Tofauti hiyo ni fundisho kubwa kuliko maneno ya kibao chenyewe.

Mfano mwingine ni mnara wa kanisa katika Misheni Katoliki iliyoanzishwa mwaka 1868. Huko mwili wa David Livingstone ulipokewa tarehe 24 Februari 1874, kabla ya kuvushwa kwenda Unguja. Mnara huo huitwa kwa jina la Livingstone. Walioubeba mwili kwa miguu kutoka Zambia ya leo, safari ya miezi mingi, ni wapagazi Waafrika wakiongozwa na Susi na Chuma. Msomaji makini huuliza habari za wabebaji pia.

Sheria yasemaje?

Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964, iliyorekebishwa mwaka 1979, hulinda kwa ujumla majengo yaliyojengwa kabla ya mwaka 1863. Jengo la baadaye, kama Boma la Wajerumani lililokamilika mwaka 1897, hulindwa pale Waziri anapolitangaza rasmi. Maana yake ni kwamba nyumba ya mwaka 1890 ambayo haijatangazwa yaweza kubomolewa, na historia yake ikapotea pamoja na kuta zake. Kwa hiyo, taarifa za wakazi kuhusu nyumba kongwe zina thamani kubwa.

Wajibu wetu

Mosi, tusichukue mawe ya matumbawe kutoka kwenye magofu kwa ajili ya kujengea. Ukuta wa chokaa na matumbawe ukitobolewa, maji ya mvua huingia ndani, nao huporomoka taratibu.

Pili, tusibandike matangazo juu ya vibao, wala tusinunue bamba la kumbukumbu kama chuma chakavu. Bamba likishayeyushwa, maandishi yake hayarudi.

Tatu, mwenye nyumba kongwe anayekusudia kuikarabati atoe taarifa kwanza kwa mwenyekiti wa mtaa na kwa ofisi ya Mambo ya Kale mjini, apate ushauri kabla ya kupaka saruji. Saruji hufungia unyevu ndani ya ukuta wa chokaa na kuudhoofisha.

Nne, wazee wetu wanaokumbuka majina na habari ambazo vibao havikuandika wasikilizwe, na vijana waziandike wakitaja msimulizi na tarehe. Walimu waweza kulifanya zoezi hili kuwa kazi ya wanafunzi wakati wa likizo.

Mali bila daftari hupotea bila habari. Mawe ya Bagamoyo ni daftari letu. Lakini kurasa nyingine bado zimo vifuani mwa wazee, nao hawatatungoja daima.