Ukiugua kwa Muda Mrefu Ukiwa NHS: Ijue Miezi Yako ya Mshahara

Uko kazini NHS, Uingereza, na daktari amekwambia utapumzika nyumbani kwa miezi kadhaa. Kupona ndiyo kazi yako ya kwanza. Hata hivyo, tenga nusu saa wiki hii uijue hesabu ya mshahara wako, kabla nusu haijaanza kuingia benki.

Anza na mkataba. Wauguzi, wakunga, wahudumu na mafundi wa maabara wengi wako chini ya Agenda for Change, yaani masharti ya pamoja ya mishahara na kazi ya NHS. Madaktari wana masharti yao. Kama unafanya zamu za bank pekee (za kuitwa inapohitajika), haki zako huenda ni ndogo, kwa hiyo uliza mapema.

Kama uko chini ya Agenda for Change, tafuta mstari wako hapa kwa mwaka wako wa utumishi:

- Mwaka wa 1: mwezi 1 mshahara kamili, miezi 2 nusu.
- Mwaka wa 2: miezi 2 kamili, 2 nusu.
- Mwaka wa 3: miezi 4 kamili, 4 nusu.
- Mwaka wa 4 na wa 5: miezi 5 kamili, 5 nusu.
- Ukishatimiza miaka 5: miezi 6 kamili, 6 nusu.

Umehama kutoka hospitali moja ya NHS kwenda nyingine bila kukatiza? Miaka ya kule inahesabiwa. Hakikisha HR wameiandika.

Sasa rudi nyuma miezi 12. Siku za ugonjwa ulizolipwa katika kipindi hicho hutolewa kwenye haki yako. Uko mwaka wa 3 na ulishaugua mwezi mzima kwa mshahara kamili? Umebakiwa na miezi 3 kamili na 4 nusu.

Linda karatasi zako. Siku 7 za kwanza unajithibitishia mwenyewe. Baada ya hapo peleka fit note (cheti cha ugonjwa), na usiache pengo la hata siku moja kati ya moja na nyingine.

Umeumia au kuugua kwa sababu ya kazi yenyewe? Omba injury allowance, posho ya kuumia kazini. Kipato kikishuka, huongezwa hadi asilimia 85 ya mshahara, kwa muda usiozidi miezi 12.

Kama uko Uingereza kwa viza, usiogope kulipwa ukiwa mgonjwa. SSP, malipo ya ugonjwa ya kisheria yanayodumu hadi wiki 28, hayamo kwenye misaada ya serikali ambayo viza inakukataza. SSP ikiisha, chukua fomu SSP1 kwa mwajiri uombe New Style ESA, malipo ya serikali kwa asiyeweza kufanya kazi kwa ugonjwa, ambayo hutegemea michango yako ya National Insurance.

Umefikisha miezi 12 mfululizo ya ugonjwa, mshahara umekwisha, na mwajiri hajafanya mkutano wa mwisho kuhusu hali yako? Dai nusu mshahara urudishwe. Masharti ya kazi yanakupa haki hiyo.

Likizo yako ya mwaka nayo inaendelea kujikusanya ukiwa kitandani. Ukipata nafuu, omba kurudi kidogo kidogo, na uulize kama siku hizo za likizo zinaweza kuziba saa usizofanya kazi.

Leo hii, waandikie HR barua pepe yenye maswali matatu: Mmenihesabia miaka mingapi ya utumishi? Mshahara kamili unaisha tarehe ngapi? Nusu inaisha lini? Nakala mpe mwakilishi wa chama chako cha wafanyakazi, kama RCN au Unison, na kila ukiitwa kwenye kikao nenda naye.